Kwa nini magnesiamu katika mashapo ya kaboneti hubadilika ilhali uwiano wa myeyusho ni uleule?

Mtafiti_Makulu

Mbukwenyi ndugu wanajukwaa, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dodoma, na kuna jambo limeniweka maabara wiki tatu sasa bila kunipa jibu la kueleweka. Utafiti wangu unahusu yale mawe meupe ya chokaa yanayokutwa chini kidogo ya udongo ukielekea Bahi, yale ambayo wachimba vyoo na visima huyalaani kwa sababu hugeuza shimo la siku moja kuwa kazi ya wiki. Kabla sijafika kwenye mawe yenyewe, msimamizi wangu alinitaka nianzie maabara, nitengeneze kaboneti ya kalsiamu na magnesiamu katika hali yake ya mwanzo kabisa, yaani yale mashapo laini mfano wa maziwa yanayotokea miyeyusho inapokutana, kabla atomi hazijapata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Mashapo ya namna hiyo wataalamu huyaita amofasi, nami nitatumia neno hilo.

Nilitayarisha myeyusho mmoja wenye kloridi ya kalsiamu na kloridi ya magnesiamu, kila moja ikiwa 0.05 molari (yaani moli 0.05 kwa lita), ili uwiano wao uwe moja kwa moja. Myeyusho wa pili ulikuwa wa kaboneti ya sodiamu ya 0.1 molari, niliyoipata kwa kupima gramu 10.6 na kuzifikisha lita moja. Nilikutanisha mililita 100 za huu na mililita 100 za ule, nikachuja, nikasuuza kidogo, nikakausha, kisha nikayeyusha mashapo kwa asidi hidrokloriki na kupima kwa titresheni ya EDTA (kemikali inayozishika ayoni za metali hizo): kwanza katika pH 10 ili kupata jumla ya kalsiamu na magnesiamu, halafu juu ya pH 12 ili kupata kalsiamu peke yake.

Nimefanya hivyo mara tatu na kupata majibu matatu. Mara ya kwanza, katika kila ayoni kumi za metali ndani ya mashapo, karibu nne zilikuwa za magnesiamu. Mara ya pili ilikuwa moja na ushei tu. Mara ya tatu magnesiamu ilikuwa kidogo mno, hata nikaona haya kuiandika kwenye daftari. Kloridi zote zilitoka kwenye chupa zilezile. Kaboneti ndiyo iliyoisha, kwa hiyo mara ya pili nilitumia chupa nyingine ya kabatini, yenye vipande vikubwa vinavyong'aa kama barafu, na mara ya tatu, chupa hiyo nayo ilipofungwa ofisini kwa mtu aliyesafiri, nilinunua magadi soda dukani, nikapima uzito uleule. Nakumbuka pia kwamba mara hiyo ya tatu mashapo yalichelewa dakika kadhaa, na viputo vidogo vilishika kwenye kuta za bika.

Swali langu ni hili: kama uwiano wa magnesiamu kwa kalsiamu majini ni mmoja siku zote, ni kitu gani kinachoamua kiasi cha magnesiamu kinachoingia kwenye mashapo? Au mikono yangu ndiyo mibovu?

MamaBureti

Marahaba mwanangu, na mikono yako haina tatizo. Umenifurahisha kwa kutaja barafu na viputo, kwa sababu jibu lako zaidi ya nusu limelala humo.

Tatizo la hesabu yako ni kwamba umewahesabu mabibi harusi wawili ukamsahau bwana harusi. Kalsiamu na magnesiamu zote zinamgombea kaboneti, na kinachoingia kwenye mashapo hakitegemei tu wagombea wako wangapi kila upande, bali pia kaboneti iliyopo inawatosha wote au haiwatoshi. Kama inatosha na kusaza, wote wawili wataingia kwa wingi. Kama ni haba, yule mwepesi ataichukua na mwingine atabaki majini. Hapa mwepesi ni kalsiamu.

Wepesi huo una sababu. Ayoni ya magnesiamu ina chaji sawa na ya kalsiamu, lakini ni ndogo: nusu kipenyo chake ni kama pikomita 72, wakati cha kalsiamu ni kama 100. Chaji ileile ikikaa kwenye mwili mdogo huvuta maji kwa nguvu zaidi, na ndiyo maana magnesiamu hutembea majini ikiwa imekumbatiwa na molekuli sita za maji ambazo haiziachii kirahisi. Kalsiamu nayo ina maji yake, lakini huyabadilisha kwa kasi inayozidi ya magnesiamu kwa zaidi ya mara mia moja. Ili ayoni ishikane sawasawa na kaboneti ni lazima ivue sehemu ya vazi lake la maji, na magnesiamu haivui upesi. Ndiyo maana katika joto la kawaida la maabara huwezi kupata magnesaiti, ile kaboneti kavu ya magnesiamu, kwa kuchanganya tu miyeyusho. Utapata aina zenye maji ndani yake, kama neskehonaiti. Hali ya amofasi, kwa kuwa haidai mpangilio na huruhusu maji kubaki ndani, huipokea magnesiamu pamoja na vazi lake. Kalsaiti, yaani kaboneti ya kalsiamu iliyojipanga kuwa fuwele, ni mwenyeji mkali zaidi.

Sasa turudi kwenye bika lako. Mililita 100 za kloridi zako zina milimoli 5 za kalsiamu na milimoli 5 za magnesiamu. Mara ya kwanza uliweka milimoli 10 za kaboneti, zinazowatosha wote, ukapata karibu nne kwa kumi. Hiyo ni sahihi kabisa, kwani kiwango cha juu kabisa ambacho ungeweza kufikia ni tano, na magnesiamu kidogo hubaki majini siku zote.

Mara ya pili ulitumia vipande vinavyong'aa kama barafu. Hiyo, mwanangu, ni kaboneti ya sodiamu yenye molekuli kumi za maji, ambayo moli moja ina uzito wa gramu 286, wakati ile kavu ni gramu 106. Gramu zako 10.6 hazikuwa 0.1 molari bali kama 0.037. Kwa hiyo ulitia milimoli 3.7 tu za kaboneti mbele ya milimoli 5 za kalsiamu. Hata kalsiamu peke yake haikutoshelezwa! Ukishangaa kwamba magnesiamu ilipata moja na ushei, shangaa kwamba ilipata hata hiyo. Na usije ukajaribu kurekebisha kwa kuzidisha tu 2.7, maana katika ukavu wa Dodoma vipande hivyo hupoteza maji vikiwa kabatini na kuota unga mweupe juu, hivyo huwezi kujua umepima kitu gani mpaka upime nguvu ya myeyusho wenyewe kwa asidi.

Mara ya tatu ndiyo yenye somo kubwa zaidi. Magadi soda ya dukani, yale ya kuumulia maandazi, ni bikaboneti, na bikaboneti si kaboneti. Kaboni iliyoyeyuka majini hujigawa kufuatana na pH. Kwenye pH ya takriban 10.3, bikaboneti na kaboneti hugawana nusu kwa nusu. Kwenye pH 8.3, ambayo ndiyo ya myeyusho wa bikaboneti, kaboneti halisi ni kama sehemu moja tu katika mia. Kwa hiyo ulikuwa na jina kubwa na mfuko mtupu. Kalsiamu ilipochukua ile sehemu moja, bikaboneti ilijigawa ili kufidia, ikatoa gesi ya kaboni dioksidi, na hivyo ndivyo viputo vyako. Mashapo yalichelewa kwa sababu myeyusho ulikuwa umevuka kwa shida mpaka wa kutengeneza hali ya amofasi. Nina wasiwasi kwamba ulichochuja siku hiyo hakikuwa amofasi hata kidogo. Je, kilikuwa laini kama uji au kilikwaruza kama mchanga?

Mpaka huo una tarakimu zake, na ni vizuri uzijue. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, zao la umumunyifu la kalsaiti (kalsiamu mara kaboneti katika maji yaliyoshiba) ni karibu 10 kipeo cha −8.5, na la kaboneti ya kalsiamu ya amofasi ni karibu 10 kipeo cha −6.4. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara mia moja. Maana yake ni kwamba kuna eneo pana ambamo maji yameshiba kupita kiasi kwa upande wa kalsaiti lakini hayajafika popote kwa upande wa amofasi, na bikaboneti inakuweka humo au ukingoni mwake.

Msomaji_AreaC

Mimi naona mnajisumbua bure. Kitu kisicho na fuwele hakina fomula, na kisicho na fomula kinaweza kuwa na uwiano wowote. Kuuliza kwa nini mashapo ya amofasi yana kiasi hiki au kile ni sawa na kuuliza kwa nini uji wa leo ni mzito kuliko wa jana.

MamaBureti

Ndugu yangu, uji wa leo ni mzito kuliko wa jana kwa sababu mpishi alizidisha unga au alipunguza maji, na mpishi mzuri anajua ni kipi kati ya hivyo. Ni kweli kwamba hali ya amofasi haina uwiano ulioamriwa na mpangilio wa atomi. Lakini kwa kuwa haiamriwi kutoka ndani, huamuliwa na myeyusho ulioizaa. Ukishika sawasawa uwiano wa magnesiamu kwa kalsiamu, jumla ya kaboni iliyoyeyuka na pH, utapata mashapo ya namna moja leo, kesho na mwaka ujao. Ukilegeza kimoja, utapata majibu matatu kama kijana wetu.

FundiSanifu_Kikuyu

Habari za kazi wakuu, na shikamoo Mama. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na nitasema machache kuhusu mikono, kwa sababu kemia Mama ameimaliza.

Kwanza ni namna ya kukutanisha. Kaka hakusema alimimina kipi ndani ya kipi. Ukidondosha kaboneti polepole ndani ya kloridi, basi matone ya kwanza yanaingia kwenye bahari ya kalsiamu, kaboneti ikiwa haba, na mashapo ya mwanzo yatakuwa na magnesiamu kidogo. Kadiri kalsiamu inavyopungua majini ndivyo magnesiamu inavyopata nafasi, hivyo mashapo ya mwisho yana magnesiamu nyingi. Ukigeuza, ukadondosha kloridi ndani ya kaboneti, tone la kwanza linakuta kaboneti imejaa tele na magnesiamu inaingia tangu mwanzo. Ukichuja yote kwa pamoja utapata wastani wa historia nzima, na wastani huo haufanani na muda wowote mmoja. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa umakini hawatumii bika la kumimina mara moja; hutumia chombo kidogo chenye kikorogeo, ambamo miyeyusho yote miwili huingia bila kukoma kwa kasi sawa na mchanganyiko hutoka kwa kufurika. Baada ya ujazo wa chombo kubadilika mara kadhaa, pH hutulia, na kinachotoka kuanzia hapo ni cha namna moja.

Najua pampu za kazi hiyo ni ghali, na mahali nilipowahi kufanya kazi tuliiomba pampu moja kwa miaka miwili mpaka aliyeiomba akastaafu. Tulichofanya ni kununua seti mbili za dripu duka la dawa. Nyingi hutoa matone 20 kwa mililita, hivyo matone 100 kwa dakika ni mililita 5. Dripu mbili zikiingia kwenye kikombe cha mililita 50, maji yote hubadilika kila baada ya dakika 5. Kumbuka tu kwamba miyeyusho ikikutana kwa ujazo sawa kila mmoja unapungua nguvu kwa nusu, na jambo hilo linasahaulika sana.

Pili ni kusuuza. Kaka ameandika kwamba alisuuza kidogo, bila kusema kwa nini wala kwa kiasi gani. Mashapo ya amofasi yakiwa mabichi ni kama sponji, yanashika maji ya myeyusho mengi kuliko yanavyoonyesha. Chukua ile mara ya pili: magnesiamu iliyobaki majini ilikuwa karibu milimoli 4.6 katika mililita 200. Kama karatasi ya chujio ilibaki na mililita 5 tu za maji hayo, hiyo ni zaidi ya milimoli 0.1 ya magnesiamu isiyohusika na mashapo, na magnesiamu halisi ya mashapo yale ilikuwa kama milimoli 0.4. Umeiongeza kwa robo bila kujua. Lakini ukisuuza kwa maji matupu unaharibu upande wa pili, kwa sababu hali ya amofasi huyeyuka kwa wepesi na kujipanga upya kuwa fuwele mbele ya macho yako. Tumia ethanoli iliyo safi kabisa au asetoni. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa haifai. Ile asilimia 30 ni maji, na yanatosha kuvuruga kazi. Usitie mashapo mabichi kwenye tanuri pia. Yakaushe kwa hewa ya kuvuta kwenye faneli, kisha yatunze kwenye desiketa, yaani chombo kilichofungwa cha kutunzia vitu vikavu, yenye jeli ya silika.

Tatu ni muda. Mashapo yenye kalsiamu tupu katika joto la chumba chetu mwezi wa Oktoba hubadilika ndani ya dakika chache. Yenye magnesiamu ya kutosha yanaweza kuvumilia saa kadhaa na hata zaidi. Kwa hiyo chujio linalosuasua linaweza kukuletea kitu tofauti na ulichokitengeneza.

Kama huna mashine ya eksirei, kuna njia ya maskini ya kuangalia kama fuwele zimeanza. Vunja kikokotoo kilichokufa, toa vile vioo viwili vya plastiki vya kijivu vilivyo juu na chini ya kioo chake, weka kimoja chini ya sampuli na kingine juu ya lenzi ya hadubini, vikiwa vimepishana mpaka uwanja uwe mweusi. Amofasi itabaki nyeusi. Kalsaiti itang'aa kama nyota. Mara ya kwanza nilipoona nyota hizo zikichomoza moja moja kwenye uji uliokuwa mweusi, nilisahau kwenda kula. Ukipata kipimo cha miale ya infraredi ndipo uhakikishe: kalsaiti ina mstari karibu na 713 kwa sentimita (cm⁻¹), na amofasi haina.

Kalkriti_Manyoni

Nimesoma kwa makini, na nawapongeza. Mimi ni mjiolojia, na miaka kadhaa nimezunguka kati ya Bahi na Manyoni, eneo ambalo watafutaji wa urani wamelichimba mashimo mengi kwa sababu hiyohiyo ya mawe meupe. Naomba nimvute kijana kutoka kwenye bika hadi bondeni, maana huko ndiko anakokwenda.

Bonde la Bahi halina mlango wa kutokea. Mto Bubu unaingia, maji yanatandaa, jua linayachukua, na kilichoyeyuka kinabaki. Maji yanapopungua, kaboneti ya kalsiamu ndiyo hutangulia kuanguka, na kila inapoanguka huchukua kalsiamu na kaboneti kwa kipimo sawa. Hapo ndipo njia panda ilipo, na watafiti Hardie na Eugster waliieleza vizuri mwaka 1970. Ikiwa mwanzoni kalsiamu ilizidi kaboneti hata kwa kidogo, kaboneti ndiyo itakayoisha kwanza na maji yatabaki na kalsiamu. Ikiwa kaboneti ndiyo iliyozidi, kalsiamu itaisha, magnesiamu nayo itafuata, na maji yatageuka kuwa ya magadi. Ziwa Natron ni mfano wa upande huo: pH yake hupita 10, kaboneti imejaa mpaka inaganda kuwa trona, yaani madini ya magadi, na kalsiamu na magnesiamu majini hazionekani ila kwa kuzitafuta. Bahari ni mfano wa upande wa pili. Humo magnesiamu ni karibu mara tano ya kalsiamu kwa moli, na kaboneti ni haba mno kuliko zote mbili.

Angalieni basi: yale majaribio matatu ya kijana, ambayo yeye anayaonea haya, ni mabonde matatu tofauti. Uwiano wa magnesiamu kwa kalsiamu ulikuwa mmoja, lakini hali ya kaboneti ilikuwa tatu, na mawe yatakayobaki yangekuwa matatu. Kwa hiyo naomba asije akaokota jiwe Bahi, akapima magnesiamu ndani yake, akaandika kwamba maji ya kale yalikuwa na uwiano fulani. Kosa hilo nimelikuta katika ripoti zaidi ya moja.

Lipo na jambo la pili, ambalo Fundi amelipitia juujuu. Amofasi haikai. Ikibadilika ikiwa imezungukwa na maji mengi, huyeyuka na kuanguka upya, na magnesiamu nyingi hurudi majini. Fuwele zinazotokea zinasimulia maji yaliyokuwepo wakati wa kugeuka. Ikibadilika ikiwa karibu kavu, magnesiamu haina pa kwenda na hubaki ndani. Kwenye udongo wetu, unaolowa wiki moja na kukauka miezi, hali zote mbili zinaweza kutokea ndani ya shimo moja. Tena maji ya udongo huwa na silika na fosfati, ambazo zote huchelewesha fuwele. Kwa sababu hizo mimi siwezi kusimama mbele ya jiwe la Bahi nikasema kwamba lilianza kama amofasi. Linaweza kuwa lilianza hivyo, linaweza kuwa halikuanza hivyo, na fuwele zilizopo leo hazibebi cheti cha kuzaliwa.

Walio na ushahidi wa wazi ni viumbe. Jamaa za kaa na kamba huweka akiba ya kaboneti ya amofasi wanapobadili gamba, kwa kuwa huyeyuka upesi wanapoihitaji. Hata nyungunyungu, yule mnyoo wa ardhini tunayemtumia kama chambo, ana tezi zinazotengeneza kaboneti ya kalsiamu, na sehemu ya kaboneti hiyo ni amofasi. Ukimtafuta mwenyeji wa kwanza wa amofasi kwenye udongo wa Dodoma, labda anza na yeye.

Mtafiti_Makulu

Nawashukuru wote, na samahani kwa kuchelewa kurudi. Umeme ulikatika siku mbili na kikorogeo chetu hakina roho nyingine.

Mama, niliichukua ile chupa ya vipande vya barafu nikapima nguvu ya myeyusho wake kwa asidi hidrokloriki. Ilikuwa zaidi kidogo ya 0.04 molari badala ya 0.1. Unga mweupe uliouzungumzia ulikuwepo kweli kwenye vipande vya juu, na ndio uliofanya hesabu izidi ile 0.037. Kuhusu mashapo ya magadi soda, nilikuwa bado nayo kwenye bahasha. Yalikwaruza. Niliyaweka kati ya plastiki mbili za kikokotoo cha mdogo wangu, ambaye bado hajaambiwa, na uwanja mzima uling'aa. Kwa hiyo jaribio la tatu nimelifuta kwenye jedwali la amofasi na kuliandika peke yake.

Nimerudia la kwanza kwa kaboneti kavu, safari hii kwa mielekeo yote miwili. Nilipodondosha kaboneti ndani ya kloridi na kuchota mashapo mapema, kabla nusu ya kaboneti haijaisha, magnesiamu ilikuwa chini sana kuliko nilipodondosha kloridi ndani ya kaboneti na kuchota kwa hatua ileile. Mwishoni kabisa, matone yote yalipoisha, mielekeo miwili ilikaribiana, ingawa haikulingana. Nilisuuza kwa ethanoli safi. Plastiki zilibaki nyeusi kwa yote mawili kwa saa nzima niliyoyaangalia.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, nikitaka kubadilisha pH bila kubadilisha jumla ya kaboni, nifanyeje? La pili, dripu nimezipata, lakini moja inapungua kasi kila baada ya dakika kumi, na nyingine inavuja kwenye kiungo.

MamaBureti

Umefanya kazi nzuri, na kuliandika jaribio la tatu peke yake ni bora kuliko kulitupa. La pH ni rahisi: anza na bikaboneti safi ya maabara ya nguvu moja siku zote, kisha ongeza hidroksidi ya sodiamu kwa vipimo tofauti. Kaboni ni ileile, kinachobadilika ni sehemu yake iliyo kaboneti. Panga hatua zako kati ya pH 9 na 11, pima pH baada ya kukutanisha na si kabla, kwa maana kuanguka kwa mashapo huishusha. Usivuke sana 11 ukiwa na magnesiamu, kwani hidroksidi ya magnesiamu itaanza kuanguka nayo, na EDTA haitakuambia tofauti. Funika vyombo pia, hidroksidi hunywa kaboni dioksidi ya hewani.

FundiSanifu_Kikuyu

Inayopungua kasi haina ugonjwa: kimo cha myeyusho kwenye mfuko kinashuka, na msukumo unashuka nacho. Tumia chombo kipana kilicho juu badala ya mfuko mrefu, ongeza myeyusho kabla hakijafika nusu, na hesabu matone kila dakika tano. Inayovuja, kata sentimita mbili za mwisho wa mrija, lowesha ncha kwa maji ya moto, kisha uusukume tena. Na mnunulie mdogo wako kikokotoo.